Foleni Huanzia Nyumbani

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya foleni. Si foleni ya magari ya Dar es Salaam, ambayo kila mtu anaijua na kuilalamikia, bali foleni ya wagonjwa. Nitaanza na foleni ambayo mimi mwenyewe niliiruka, kwani si vizuri mtu kutangaza makosa ya wenziwe huku ya kwake ameyakalia.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka mama yangu mdogo katika hospitali moja kubwa mjini. Alikuwa ametoka kwetu Dimani, huko Kibiti, na barua ya rufaa mkononi na mguu umemvimba. Tulifika alfajiri, tukakuta mabenchi yamekwisha kujaa. Mbele yetu alikaa mzee mmoja ambaye, alipofungua kinywa tu, nilimtambua kuwa ni mtu wa kwetu. Alisema ametoka Mbuchi, kule delta, na kwamba alikuwa njiani siku mbili: kwanza kungojea maji yajae, halafu boti, halafu gari. Alivaa kanzu iliyopauka na kandambili, na karatasi zake alizihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki alioukunja mara tatu ili zisilowe.

Mimi nilivaa viatu vya ngozi na shati la kazini. Haikupita nusu saa, akatokea kijana mmoja niliyesoma naye, naye ni mtumishi wa pale. Tukasalimiana, akaniuliza nimefuata nini. Nikamweleza. Akachukua karatasi za mama mdogo, akaingia nazo ndani, na ilipogonga saa mbili asubuhi tulikuwa tumekwisha kumwona daktari. Daktari yule alizungumza na mimi zaidi kuliko mgonjwa, tena nusu ya maneno kwa Kiingereza, akanieleza ugonjwa ni nini, dawa zinafanya nini, na turudi lini.

Tulipotoka, mzee wa Mbuchi alikuwa palepale. Saa nane mchana niliporudi kuchukua majibu ya vipimo, nilimkuta dirishani. Alikuwa akiambiwa, kwa sauti ya kusikika na watu wote, kwamba barua yake ya msamaha wa gharama haina mhuri wa mtendaji, kwa hiyo akagongewe mhuri arudi kesho. Kesho! Mhuri uko Mbuchi. Mzee alijibu, "Haya mwanangu, ahsante," akakunja mfuko wake. Hakuuliza ni mhuri wa mtendaji gani, wala kama kuna njia nyingine. Na mimi niliyekuwa najua kuuliza, sikuuliza kwa niaba yake. Nilijiambia kwamba na mimi nina mgonjwa wangu.

Ndugu wasikilizaji, nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Yule kijana hakuniomba hata senti moja. Hapakuwa na rushwa. Daktari alifanya kazi yake, na karani wa dirishani alifuata maagizo. Ukimleta mpelelezi pale, angeondoka bila mtu wa kumshtaki. Lakini wagonjwa wawili wa wilaya moja, waliofika asubuhi moja, walitibiwa kama watu wa nchi mbili. Hilo ndilo ninaloliita tabaka. Tumezoea kudhani kwamba tabaka ni jambo la fedha peke yake, yaani mwenye nazo hutibiwa na asiye nazo hufa. Mimi nasema fedha ni sehemu tu.

Wakati wa mkoloni jambo hili halikufichwa. Hapo Dar es Salaam, Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road mwaka 1897, nayo ilikuwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika walikuwa na hospitali yao iliyojengwa kwa msaada wa fedha za tajiri Sewa Haji, ambaye jina lake bado lipo kwenye jengo moja la Muhimbili. Mtu aliijua foleni yake kwa kuitazama ngozi yake. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ubaguzi huo wa rangi uliondolewa. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na katika miaka ya sabini serikali ikaelekeza nguvu vijijini: zahanati, vituo vya afya, chanjo. Mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kuzuia hospitali za watu binafsi za kufanyia biashara. Nia ilikuwa kwamba ugonjwa usiwe bidhaa.

Lakini nia haijazi kabati la dawa. Uchumi uliyumba, na wengi wetu tunakumbuka miaka ile ambayo matibabu yalikuwa bure na dawa zilikuwa hazipo. Mwaka 1991 hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena. Mwezi Julai 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali kubwa za serikali, kisha ukashuka ngazi kwa ngazi. Ili wanyonge wasiumie, uliwekwa msamaha: watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wenye magonjwa kama kifua kikuu na ukoma, na maskini wasio na uwezo. Baadaye sera ikawataja pia wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Kwa karatasi, basi, mzee wetu wa Mbuchi hakutakiwa kulipa kitu. Karatasi ndiyo iliyomrudisha.

Sasa tuondoke mjini, twende kijijini, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu wa mjini akitazama kijiji huona maskini watupu. Husema, "Wale wote ni wakulima, hali yao ni moja." Hata sisi tuliozaliwa huko hupenda kusema hivyo. Si kweli.

Katika masika moja nilikuwa nyumbani Dimani, na watoto wawili wa majirani waliugua wiki moja: homa kali na kupumua haraka haraka. Baba wa mtoto wa kwanza ana duka na pikipiki. Mama yake amesoma hadi kidato cha nne, na alikumbuka aliyofundishwa kliniki, kwamba mtoto anayepumua haraka na mbavu zikaingia ndani ana nimonia na si wa kungojea. Jioni ile ile mtoto alipakiwa kwenye pikipiki, akapimwa, akapewa dawa. Siku ya nne alikuwa akifukuza kuku uani.

Mama wa mtoto wa pili alikuwa peke yake, mumewe yuko shambani akilinda mpunga. Alinunua vidonge viwili vya homa dukani, kwa huyo huyo jirani yake. Homa ikashuka, naye akashukuru Mungu. Usiku ikapanda. Siku ya pili alimtuma mtu kwa mumewe, kwa sababu hakuwa na nauli wala hakutaka kufanya uamuzi wa safari peke yake. Siku ya tatu mume akafika, akaenda kukopa. Korosho zilikwisha kuuzwa miezi mingi nyuma, na fedha zake zilikwisha kuliwa. Mkopeshaji akataka mikorosho mitatu iwekwe rehani. Siku ya nne mtoto akafikishwa zahanati amelegea kabisa, na muuguzi, ambaye kwa kweli alifanya kila aliloweza, akaandika rufaa ya hospitali. Mtoto alilazwa siku tisa. Alipona, tunashukuru. Hakuna aliyemtoza ada ya matibabu, kwani ni mtoto wa chini ya miaka 5. Lakini ugonjwa huo wa bure uliigharimu nyumba ile mikorosho mitatu, na msimu uliofuata, walipohitaji fedha tena, mavuno ya mikorosho hiyo yalikuwa ya mtu mwingine.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hiki ni kisa cha majirani wawili tu. Basi nitawaeleza habari ya uchunguzi. Mwaka 1999 watafiti, wakiwemo wa taasisi yetu ya Ifakara, walikusanya habari za watoto wadogo wapatao 2,000 katika wilaya nne za vijijini: Kilombero, Ulanga, Morogoro Vijijini na Rufiji. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Rufiji. Waliwapanga watu kwa hali ya nyumba zao, kuanzia maskini kabisa hadi wenye nafuu, kisha wakauliza habari za watoto waliougua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Waliona kwamba hata huko, ambako mgeni angesema wote ni maskini sawa, wenye nafuu walizijua zaidi dalili za hatari, waliwapeleka zaidi watoto wao kwenye kituo cha afya, na watoto wao walipata zaidi dawa za malaria na dawa za nimonia. Tofauti ya baiskeli na kukosa baiskeli, ya kujua kusoma na kutojua, ilitosha kuamua nani apate dawa.

Ndiyo maana nasema foleni huanzia nyumbani. Hospitalini tunaiona foleni moja, lakini mgonjwa maskini amekwisha kupanga foleni tatu kabla ya hiyo.

Ya kwanza ni foleni ya uamuzi. Mwenye fedha akiumwa anajiuliza, "Niende wapi?" Asiye nazo anajiuliza, "Niende au nisiende?" Swali hilo la pili huchukua siku nyingi, na wakati wote huo ugonjwa unaendelea na kazi yake.

Ya pili ni foleni ya njia. Watu wa Kiongoroni, Maparoni na Msala hawahitaji kuelezwa hili. Huko kwenye mikoko mgonjwa husafiri kwa mtumbwi au boti, na maji yakipwa hata tajiri husubiri. Lakini tajiri anaweza kuikodi boti nzima maji yakijaa, na maskini husubiri ijae abiria. Nauli haimo katika msamaha wowote wa hospitali. Wala kitanda cha ndugu anayemuuguza mgonjwa hakimo, wala chakula chake, wala siku za kazi anazopoteza.

Ya tatu ni foleni ya karatasi: nani anajua haki yake, nani anajua aombe kwa nani, na nani ana mhuri. Msamaha wa maskini una kichekesho cha uchungu ndani yake. Ili uupate lazima uthibitishe kwamba huna kitu, na kuthibitisha huko kunataka nauli, muda, na ujasiri wa kusimama mbele ya watu na kusema, "Mimi ni fukara." Wako wengi ambao wangependa kuuza mbuzi kuliko kusema neno hilo.

Ndipo mgonjwa anafika mbele ya daktari, na hapo kuna jambo ambalo watumishi wa afya hawapendi kulisikia, nami nalisema bila chuki. Daktari ana dakika chache kwa kila mtu. Mgonjwa anayefanana naye kwa maneno na mavazi hueleza ugonjwa kwa mpangilio na hauogopi uso wa daktari. Huuliza, na akiuliza hujibiwa. Mgonjwa wa kanzu iliyopauka husema, "Mwili wote unauma," huinamisha kichwa, hupewa cheti na kuambiwa, "Haya, nenda dawa." Huenda haelewi kama ameze kabla ya kula au baada. Akirudi hajapona, huambiwa hafuati maelekezo. Maelekezo hayo aliyapata wapi?

Msidhani haya ni ya Tanzania tu. Uingereza matibabu ni ya bure kwa wote tangu mwaka 1948. Lakini mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, aliyekuwa akitibu wachimba makaa ya mawe na familia zao, aliandika kwamba huduma nzuri hupatikana kwa wingi pale inapohitajiwa kidogo, na kwa uchache pale inapohitajiwa sana. Akaona pia kwamba hali hiyo huzidi pale soko linapoachiwa liamue. Kwa hiyo kuondoa ada ni jambo jema, nami nasema iondolewe kwa asiyeweza. Lakini ada ikiondoka, foleni zile nyingine hubaki zimesimama.

Nayasema haya kwa sababu nchi yetu imekwisha kuingia katika njia mpya. Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kabla ya hapo kadi zetu zilikuwa za matabaka waziwazi. Mtumishi wa serikali alikuwa na Mfuko wa Taifa ulioanza mwaka 2001, anaochangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake asilimia 3. Mkulima alikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996; ulipoboreshwa mwaka 2018 nje ya Dar es Salaam kaya ya watu 6 ilitoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kila kadi ilikuwa na milango yake. Sheria mpya inataka kila mtu awe ndani, na wasio na uwezo wagharamiwe kwa mfuko maalumu. Ni jambo la kupongezwa. Lakini swali langu ni lile la mzee wa Mbuchi: nani atamtambua asiye na uwezo, na atamtambua lini?

Mimi nashauri mambo manne, nayo si makubwa.

La kwanza, maskini wajulikane wakiwa wazima. Orodha ipitishwe katika mkutano wa kijiji, mhuri ugongwe siku hiyo hiyo, na kila kituo hadi hospitali ya rufaa kiwe nayo. Kumtafutia mtu mhuri akiwa tayari mgonjwa ni sawa na kuchimba kisima nyumba ikiwaka.

La pili, nauli ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Tumekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Mpango wa m-mama, uliotangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022, unampa mjamzito au mama aliyejifungua mwenye dharura, pamoja na mtoto mchanga, usafiri kwa kupiga simu namba 115 bila malipo; kama gari la wagonjwa halipo karibu, hutumwa dereva wa kijamii ambaye hulipwa na mpango. Kama tumeweza kwa mama mjamzito, tujiulize kwa nini tusiweze kwa mtoto wa nimonia.

La tatu, haki za mgonjwa ziandikwe kwa herufi kubwa ukutani, kwa Kiswahili, na awepo mtu mmoja mapokezi ambaye kazi yake ni kuwasaidia wasiojua taratibu. Karatasi ikipungua kitu, mgonjwa atibiwe kwanza na ofisi ipigie simu ofisi nyenzake. Simu sasa iko hata Mbuchi.

La nne ni letu sisi wenye viatu vya ngozi. Tukipanga foleni, tukae kwenye foleni. Na tukimwona mzee anarudishwa, tuulize kwa niaba yake. Mdomo wa kuuliza haupungui ukiazimwa.

Wako watakaosema kwamba hii ni ndoto, kwamba mwenye nguvu mpishe na mnyonge hana haki tangu dunia ianze. Hao nitawakumbusha jambo lililotokea kwetu Rufiji. Mwishoni mwa miaka ya tisini, wilaya mbili za Rufiji na Morogoro Vijijini ziliingizwa katika mpango wa majaribio uliojulikana kwa kifupi chake, TEHIP. Halmashauri zilipewa nyongeza ndogo ya fedha na njia ya kuona ni magonjwa gani yanayoua watu wake, hasa watoto, kisha zikapanga bajeti kufuata vifo badala ya kufuata mazoea. Katika muda wa miaka 5 hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hawakujenga hospitali za ghorofa. Waliuliza tu ugonjwa uko wapi, wakaipeleka fedha huko. Kwa hiyo hakuna laana iliyoandikwa kwamba mtu wa Rufiji afe kwa ugonjwa unaotibika.

Mama yangu mdogo alipona mguu wake, na hadi leo akinisifu mbele ya watu kwamba nilimpigania hospitalini, mimi hutazama chini. Habari za yule mzee sizijui. Sikumwuliza jina lake.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo naishia hapa. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.